Tupa uchawi, fungua tumbo la gemu!

Wa Mazwi, Katandala, Kizwite, Chanji na Majengo, salamu zenu. Na nyie mliokimbilia Mbeya na Dar mkatuachia baridi ya Ufipa tuile peke yetu, salamu zenu pia, ingawa hamstahili!

Wiki hii mambo ya nani kamtosa nani tunayapiga kalenda. Tunaongea gemu. Najua wengine mshaanza kuchekelea, mnadhani nawapa mbinu za kufunga magoli kwenye PlayStation. Wapi bwana! Leo tunaifungua gemu yenyewe tuone tumboni ina nini.

Kila aliyezaliwa hapa anajua hadithi ya jina la mji wetu. Sumba ni tupa, wanga ni uchawi. Yaani mgeni ukifika, tunguri zako zimwage huko huko njiani ndipo uingie mjini. Watani zetu wa mikoa mingine wameligeuza jina hilo kuwa mzaha, tumewazoea. Lakini nikiwaangalia vijana wenzangu naona kuna uchawi mmoja bado hatujautupa, nao ni kompyuta. Mtu anacheza gemu saa tano mfululizo, kila kona anaijua, kila adui anamjua anapojificha. Ukimwuliza, "Huyu askari amejuaje kama umempiga?" anakujibu, "Aah, ndivyo ilivyotengenezwa." Na nani? "Wazungu." Basi, mjadala umeisha hapo.

Ndugu yangu, mle ndani hakuna tunguri. Kuna maandishi. Kila gemu, iwe ya kwenye simu au ile mnayolipia kwenye kibanda, kuna mtu alikaa akaandika amri mstari kwa mstari: mchezaji akibonyeza hapa, fanya hivi, uhai ukifika sifuri, kwisha kazi. Maandishi hayo ndiyo msimbo wa programu. Watoto wa mjini wanasema kodi, lakini mimi neno hilo silitaki, maana mwenye nyumba wangu naye husoma gazeti hili, asije akakumbuka tarehe! Tutumie msimbo.

Gemu nyingi za dukani msimbo wake umefungwa. Unapewa chakula, jikoni huingii. Lakini zipo gemu ambazo wenyewe wameamua kuuweka msimbo hadharani. Ruksa kuusoma, ruksa kuubadilisha, ruksa kumgawia mwenzako, mradi ufuate masharti ya leseni yake. Hizo ndizo gemu za chanzo huria. Na hoja yangu leo ni moja tu: kijana asiye na ada ya chuo anaweza kuanza kujifunza kuandika programu kwa kusoma gemu hizo, kama vile dogo wa gereji anavyojifunza injini.

Nani kati yenu amemwona fundi pikipiki wa mtaani akianza na kitabu? Dogo anafika gereji asubuhi. "Shikamoo fundi." "Marahaba, shika hiyo spana." Miezi ya kwanza anaosha vipuri na kushika tochi. Kazi yake ni kuangalia. Injini iliyokufa inafunguliwa mbele ya macho yake, anaona pistoni, anaona klachi, anaona kipi kinasukuma kipi. Siku moja fundi kaenda kula ugali, mteja kaingia, dogo anashusha kabureta mwenyewe. Tayari kawa fundi! Injini zingekuwa zimechomelewa zisifunguke, Sumbawanga nzima tusingekuwa na fundi hata mmoja.

Sasa tuje kwenye gemu. Mkongwe kabisa ni Doom, iliyotolewa Desemba 1993 na kampuni ya id Software ya Marekani. Ni ile ya kutembea kwenye makorido unapiga mashetani risasi. Mwishoni mwa 1997 John Carmack, mwandishi mkuu wa msimbo wake, aliuweka hadharani, na mwaka 1999 ukaingizwa kwenye leseni inayoitwa GPL. Leseni hiyo inasema chukua, badilisha, sambaza, lakini ukisambaza ulichobadilisha na wewe uache msimbo wako wazi. Picha na sauti hazikutolewa, ni msimbo tu. Tangu hapo watu wameihamishia Doom kwenye vyombo vya kila namna, mpaka kwenye printa. Si mchezo!

Sikia utamu wake. Ukimpiga adui bastola ndani ya Doom, mara anaumia sana, mara kidogo. Utasema ni bahati. Fungua msimbo uone: risasi ya bastola inapunguza uhai kwa 5, 10 au 15. Nani anachagua? Kuna faili dogo lenye orodha ya namba 256, zimeshapangwa kabisa: 0, 8, 109, 220, zinaendelea hivyo. Gemu ikitaka "bahati" inasoma namba inayofuata kwenye orodha. Ikifika mwisho inarudi mwanzo. Ndiyo bahati yenyewe hiyo! Watu wamekesha wakiamini siku yao imefika, kumbe ni orodha.

Lakini Doom ni injini ya lori. Imeandikwa kwa lugha inayoitwa C, mistari maelfu kwa maelfu. Ukianzia huko utatupa spana siku ya pili. Anza na pikipiki, na pikipiki yenyewe ni 2048.

Gemu hii ilitengenezwa Machi 2014 na kijana wa Kiitaliano, Gabriele Cirulli, akiwa na miaka 19. Wikiendi moja tu ilimtosha, na wazo lenyewe alilitoa kwenye gemu nyingine zilizotangulia. Ubao una vyumba 16. Unasukuma vigae vyenye namba: 2 ikikutana na 2 inakuwa 4, 4 na 4 inakuwa 8, hivyo hivyo mpaka ufike 2048. Imeandikwa kwa JavaScript, lugha ambayo kivinjari chochote cha intaneti kinaielewa, kwa hiyo huna cha kununua. Mmoja wenu mwenye bando anashusha mafaili, anayatia kwenye flashi, mtaa mzima mnakopi. Bando likiisha, somo linaendelea.

Haya, kaa mkao wa kula. Faili la index.html unalifungua kwa kivinjari ili ucheze. Mengine unayafungua kwa Notepad, ile iliyomo ndani ya kila kompyuta ya Windows, ili usome. Kabla ya yote weka nakala safi pembeni. Fundi anayefungua injini bila kukumbuka boliti zimekaaje mnajua yanayomkuta.

Kwanza, cheza mpaka ushibe, halafu andika sheria za gemu kwa Kiswahili kwenye daftari. Vigae vinaanza vingapi? Viwili. Ukisukuma kushoto kipi kinatangulia kusogea? Mchezo unaisha lini? Ukishindwa kuieleza kwa Kiswahili, usitegemee kuielewa kwa JavaScript.

Pili, ingia kwenye msimbo na swali moja tu. Msimbo hausomwi kama hadithi ya mapenzi, kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Unaingia kama mpelelezi. Swali la leo: kigae kipya kinatoka wapi? Fungua faili la game_manager.js, tafuta neno Random. Utakutana na mstari ambao kwa lugha yetu unasema hivi: okota namba yoyote kati ya sifuri na moja, ikiwa chini ya 0.9, kigae kiwe 2, la sivyo kiwe 4. Maana yake kwa wastani katika vigae kumi vipya, tisa ni 2 na kimoja ni 4. Umeona? Ile "bahati" yako ya kupata 4 ina bei yake, imeandikwa.

Tatu, badilisha kitu kimoja, hifadhi, fungua upya, cheza. Pale kwenye 0.9 weka 0.1 uone nne zinavyomiminika. Faili hilo hilo lina mstari unaouliza kama kigae kimefika 2048. Weka 64, utashinda kabla chai haijapoa. Usibadilishe viwili kwa pamoja, maana gemu ikigoma hutajua nani mkosaji.

Nne, iharibu makusudi. Kwenye application.js kuna namba 4 inayotaja ukubwa wa ubao. Weka 5. Utaona vituko! Gemu inafikiri ubao una vyumba 25, lakini kwenye kioo bado vimechorwa 16, na vigae vingine vinakaa mahali si pake. Kwa nini? Kwa sababu sheria za mchezo zimekaa kwenye mafaili mengine, na uchoraji umekaa kwingine. Huo ubao uliovurugika umekufundisha jinsi wataalamu wanavyogawa kazi.

Tano, itie Kiswahili. Kwenye html_actuator.js yamo maneno mawili ya Kiingereza, la kukupongeza ukishinda na la kukuambia mchezo umekwisha. La kwanza mimi nimeweka "Umeua!" La pili, "Nenda kalale!" Weka lako. Nafasi ya kuandika matani kwenye gemu ya mtu huipati kila siku.

Sasa turudi kwenye ile 0.9, maana hapo ndipo penye uzito wa safu ya leo. Mnazijua zile mashine za kutumbukiza sarafu, dubwi. Ni kompyuta ile ile, na ndani yake kuna hesabu iliyoandikwa na mtu: mara ngapi utakula na mara ngapi utaliwa. Tofauti ni kwamba 2048 umeifungua ukaisoma. Dubwi imepigwa kufuli, na wewe uko upande wa nje. Ndipo unamsikia mshikaji anasema, "Leo imeshiba, itatema." Mwingine anabadilisha mkono wa kutumbukizia, mwingine anaipapasa pembeni kwanza. Jamani, wanga si huo? Hela ya mbolea ya mzee inazama humo, hela ya mtihani wa mdogo wako inazama humo, kwa sababu ya kuamini mashine ina huruma. Sisemi kwamba usomaji wa msimbo utamponya kila mtu. Ila aliyebadilisha 0.9 kwa mkono wake mwenyewe akaona matokeo, si rahisi umdanganye kwamba mashine imeshiba.

Na msinijibu kwamba mambo haya hayatuhusu Waswahili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya ofisi ya kuandikia barua na kupigia mahesabu, menyu zake zikiwa kwa Kiswahili. Waliwezaje? Kwa sababu msimbo wa OpenOffice ulikuwa wazi. Hawakukaa kumsubiri mwenye kampuni aamue kama sisi ni wateja wa maana. Waliingia ndani wakatia Kiswahili, kazi ya ukoo mmoja na ile yako ya kuandika "Umeua!", wao kwa maelfu ya maneno.

Hata hapa kwetu Ufipa tuna historia yenye kutufunza jambo. Babu zetu walikuwa mabingwa wa chuma. Walijenga tanuri la udongo refu kupita kimo cha mtu, linaitwa ilungu, likiwa na matundu chini ya kuvuta hewa lenyewe bila mivukuto. Kilichotoka humo kikaenda kwenye tanuri dogo, kintengwe, lenye mivukuto, kusafishwa. Ndipo yakafuliwa majembe na silaha. Uhandisi wa nguvu! Lakini ujuzi ule ulikaa kwa wakuu wa kazi, umefungwa kwa dawa na miiko. Wakati wa kuyeyusha chuma, hata kwa mkeo husogei! Yakaja majembe ya dukani, ukaja ukoloni, mabingwa wakazeeka wakaondoka. Tunayoyajua leo mengi tunayajua kwa sababu watafiti kama J.A.R. Wembah-Rashid, aliyeandika kuhusu uhunzi wa Ufipa mwaka 1969, walipata kuyaweka kwenye karatasi. Malungu mengine yamebaki magofu porini. Na jembe analolimia Mfipa leo? Kanunua dukani.

Siwalaumu wazee, siri ile ndiyo iliyokuwa ulinzi wa kazi yao. Ila ujuzi uliofungiwa kwenye vichwa vya wachache unazikwa nao. Msimbo wa Doom unasomwa na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa gemu ilipotoka. Na dada zangu, nyie ndio nawaambia zaidi: msimbo hauna mwiko. Hakuna wa kukufukuza kwenye tanuri.

Najua maswali yenu, niyajibu moja moja.

"Kiingereza kinanipiga chenga." Hata mimi nimeishia sekondari, na Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Lakini maneno ya kuanzia kwenye msimbo ni machache na yanajirudia: if ni kama, else ni la sivyo, while ni wakati, return ni rudisha. Yaandike nyuma ya daftari. Baada ya wiki mbili tatu unayaona kama sura za majirani.

"Sina kompyuta." Wengi hatuna. Kwenye steshenari nyingi mtaani kompyuta hukaa bure wateja wakipungua; ongea na mwenyewe kwa adabu, mfagilie duka, mchapishie kazi, naye akuachie saa moja. Kwa kusoma tu, hata simu ya kupapasa inafungua mafaili ya maandishi, na programu za bure za kuyahariri zipo. Mkiwa watatu na kompyuta moja ni bora zaidi, mmoja anabonyeza, wengine wanabishana. Ubishi wa kijiweni mnaupoteza kwa Simba na Yanga bure!

"Nitapata kazi?" Sikuahidi. Atakayekuahidi kazi baada ya kozi ya wiki mbili, tena alipwe kwanza, mkimbie, huyo anataka hela zako. Kusoma msimbo kunakupa macho. Mikono utaipata kwa kuandika cha kwako.

Na cha kwako kianze na nini? Nina pendekezo. Bao! Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni, 6 ndani ya nyumba na 2, 2 kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi. Ukishaisoma 2048 unajua namna ya kuuambia ubao ukumbuke namba zake. Kwenye bao kila shimo ni namba. Andika kwanza kusambaza kete tu, shimo moja moja. Likikubali, andika kuteka. Takasa na mengine yatafuata. Mnajua kwamba mwaka 2002 watafiti wawili wa Uholanzi, Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk, waliandika makala juu ya kuifundisha kompyuta kucheza bao letu? Wao waliosoma sheria zake vitabuni wameweza. Wewe una babu mwenye bao barazani, anakufunga kila jumapili, unashindwa nini kumwuliza?

Ukiimaliza, usiifungie. Iweke wazi, tia jina lako juu, mwachie dogo wa Laela au Namanyere naye aifungue tumbo. Na ukichukua msimbo wa mtu, jina lake liache palepale. Cirulli ametoa 2048 kwa leseni inayokuruhusu karibu kila kitu, sharti ni kutofuta taarifa ya mwenye kazi. Kufuta jina la mwenzako ukaandika la kwako ni wizi, hata kama hukuvunja dirisha.

Haya, nimemaliza, mpira uko kwenu. Aliye na flashi amtafute mwenye bando, mwenye bando amtafute mwenye steshenari. Wiki ijayo, panapo majaliwa, tunarudi kwenye nani kamtosa nani, maana nasikia huko Majengo kumeungua vibaya!